Kasha la Chuma na Ridhaa ya Kijiji

Wakulima wa wilaya za Ngara na Biharamulo wanajua tangu zama za babu zao kwamba shamba linalopakana na pori halina usingizi. Mwenye shamba hukesha akipiga debe na kuchochea moto, na pengine usingizi ukamshinda alfajiri. Kukicha hukuta mahindi yamelazwa, mihogo imefukuliwa au migomba imevunjwa. Swali la kwanza linalomjia ni hili: ni nani aliyepita hapa? Huenda ni nguruwe pori, nungunungu, nyani, kiboko aliyetoka mtoni au tembo aliyevuka mpaka wa hifadhi. Swali hilo ni zito, kwa sababu kila mharibifu ana dawa yake. Handaki linalomzuia nguruwe halimzuii nyani, na moshi wa pilipili unaomkera tembo haumhusu nungunungu. Asiyemjua adui yake hutumia nguvu nyingi akapata faida haba.

Katika zama hizi kipo chombo kinacholijibu swali hilo bila kukesha, nacho ni kamera ya mtego. Chombo hiki kimeanza kuzoeleka mikononi mwa watafiti na askari wa hifadhi, na hapana shaka kitawafikia wananchi wengi zaidi kadiri bei yake inavyopungua. Hata hivyo, leo hatukusudii kuisifu kamera. Tunataka kuzungumzia kitu duni kuliko hiyo kamera, ambacho bila hicho kamera haiishi msimu mmoja porini. Kitu hicho ni kasha lake, na tunasema kwamba kasha hilo linaweza kutengenezwa hapa hapa kwetu, kwa mikono ya mafundi wetu.

Yafaa kwanza tuelewe namna chombo chenyewe kinavyofanya kazi. Kamera ya mtego hufungwa kwenye mti au nguzo, ikaachwa. Mbele yake kuna macho matatu. La kwanza ni lenzi inayopiga picha. La pili ni kihisi kinachotambua joto la mwili linapopita mbele yake. Kiumbe mwenye damu moto akipita, kihisi huiamsha kamera nayo hupiga picha. La tatu ni safu ya taa ndogo zitoazo mwanga usioonekana kwa macho ya binadamu, ambazo humulika usiku pasipo kumshtua sana mnyama. Nguvu zote hizo hutoka katika betri ndogo, aghalabu nane au kumi na mbili, na picha huhifadhiwa katika kadi ya kumbukumbu iliyo ndogo kuliko kijiba cha nguo.

Fikra hii si ngeni katika nchi yetu. Mjerumani aitwaye Carl Georg Schillings alizunguka katika nyika za nchi hii wakati wa utawala wa Wajerumani akiwa na kamera nzito zilizobebwa na wapagazi. Alitega nyuzi ili mnyama akizigusa usiku, unga wa magnesi uwake na picha ipigwe. Kitabu chake chenye picha hizo kilitoka Leipzig mwaka 1905, kikawastaajabisha watu wa Ulaya ambao hawakupata kumwona simba wa usiku isipokuwa katika michoro. Wapagazi waliobeba mizigo ile walikuwa watu wetu, lakini elimu iliyopatikana ilikwenda ng'ambo.

Miaka mia moja baadaye mambo yamebadilika. Mwaka 2005, katika misitu ya milima ya Udzungwa, kamera ya mtego ilipiga picha ya mnyama ambaye sayansi haikuwa imemtambua: aina kubwa ya sengi, mwenye uso wa kijivu na uzito wa gramu 700 hivi. Mwaka 2008 alitangazwa rasmi kuwa ni aina mpya. Kuanzia mwaka 2010, katika Hifadhi ya Serengeti, watafiti waliweka kamera 225 katika eneo la kilomita za mraba 1,125. Picha zilizopatikana zilikuwa nyingi mno hata wananchi wa nchi mbalimbali zaidi ya 28,000 wakajitolea kuzitazama na kuwataja wanyama waliomo. Hata kule Serengeti, kamera ziliwekwa ndani ya makasha ya chuma, kwa kuwa fisi na tembo hawana heshima kwa vyombo vya elimu.

Pengine msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa Kagera? Jibu letu ni kwamba yanatuhusu kuliko wengine wengi. Pori letu limepata msiba ambao mapori mengine ya nchi hayakuupata. Mwishoni mwa mwezi Aprili mwaka 1994, watu wanaokadiriwa kufikia robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja tu, wakaingia Ngara. Taifa letu liliwapokea, kama lilivyokwisha kuwapokea wengine kabla yao. Benaco ikageuka kuwa kama mji mkubwa wa maturubai. Watu wale walihitaji kuni, na walihitaji kitoweo, kwa maana mgao waliopewa haukuwa na nyama. Nyama ya porini iliyouzwa kwa siri kambini ikapewa jina la mchicha wa usiku. Wawindaji hawakuwa wakimbizi peke yao. Walikuwamo pia wenyeji walioona soko wakalikimbilia.

Hesabu zilizofanywa kwa ndege mwaka 1990 na mwaka 1998 katika mapori ya Burigi na Biharamulo zinatosha kumliza mtu. Nyati waliokuwa zaidi ya 2,000 walikutwa chini ya 100. Pundamilia waliokuwa zaidi ya 6,000 walikutwa chini ya 1,000. Wakimbizi wengi wa Rwanda walirejea kwao Desemba 1996, lakini pori halikurejea kwa siku moja. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Lau hesabu ya mwaka 1990 isingefanywa, leo tusingejua hata kiasi cha tulichopoteza.

Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707. Hifadhi inapopata ulinzi, wanyama huongezeka. Na wanyama wanapoongezeka hutoka nje ya mpaka. Kwa hiyo kijiji kilichoko ukingoni kinahitaji macho yake chenyewe. Kinahitaji daftari lake la kujua ni mnyama gani anatoka, wakati gani, na kupitia njia ipi.

Hapa ndipo kasha linapoingia. Kamera hufika hufungwa kwa mkanda wa kitambaa na gamba lake ni la plastiki. Plastiki hiyo imeundwa kuvumilia mvua ya kiasi; haikuundwa kuvumilia meno ya fisi, mikono ya nyani, mkonga wa tembo, moto wa kichaa wa kiangazi, wala tamaa ya mpita njia. Sisimizi hupenda kujenga ndani yake kwa sababu ya joto. Bei ya kamera moja hufika laki kadhaa za shilingi. Kijiji kilichochanga fedha za mazao kununua kamera mbili, kisha kikazipoteza katika mwezi wa kwanza, hakitachanga tena. Makasha ya kiwandani yapo, lakini huagizwa ng'ambo na kila aina ya kamera ina kasha lake. Fundi wa kuchomelea aliyeko Biharamulo mjini, Nyakanazi, Rulenge au Ngara mjini, anayetengeneza milango na madirisha ya chuma kila siku, anaweza kulitengeneza kwa nusu siku.

Kazi ianze kwa kupima. Kamera nyingi zina urefu wa sentimita 13 hadi 15, upana wa sentimita 10 hivi, na kina cha sentimita 6 hadi 8, lakini mtu asikisie, apime yake. Akate kielelezo kwa karatasi ngumu ya boksi, akikunje, akiweke kamera ndani na kuona kama mlango wake wa betri utafunguka. Kosa katika karatasi halina gharama. Kosa katika chuma lina gharama. Kila upande uachiwe nafasi ya milimita 5, ambayo baadaye itajazwa vipande vya mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli ili kamera isicheze wala kugonga chuma.

Bamba la chuma lenye unene wa milimita 2 linatosha. Jembamba zaidi ya hapo hupindwa na fisi. Nene zaidi huongeza uzito na bei bila faida kubwa. Vipande vya mabaki vinavyobaki baada ya kutengeneza mageti vinafaa kabisa. Fundi akate mgongo, ubavu mbili, juu na chini, achomelee pande zote kwa ndani na kwa nje, kisha aweke uso wa mbele wenye bawaba upande mmoja na komeo la kufuli upande wa pili. Komeo liwekwe chini au lifunikwe kwa kipande cha bomba, ili msumeno na nondo visipate pa kushika.

Uso wa mbele ndio unaotaka akili zaidi. Wengi wetu tungedhani kwamba njia bora ni kukata dirisha kubwa na kulifunika kwa kioo. Hasha! Kioo cha dirisha hupitisha mwanga tunaouona, lakini huzuia miale ya joto la mwili ambayo kihisi huitegemea. Kamera iliyowekwa nyuma ya kioo huwa kipofu, hata tembo apite mbele yake. Plastiki ngumu iliyo kama kioo nayo ina dosari hiyo hiyo. Fauka ya hayo, taa za usiku zikigonga kioo hurudisha mwanga kwenye lenzi, na picha huwa nyeupe tupu. Kwa hiyo matundu ya kihisi na ya taa yaachwe wazi. Tundu la kihisi litanuliwe kuelekea nje mfano wa mdomo wa tarumbeta, kwa sababu kihisi hutazama pande zote mbili na si mbele peke yake. Palipo wazi palindwe kwa ukingo wa chuma wa sentimita 1 unaoizuia kamera isitolewe kwa mbele.

Juu ya uso huo paongezwe paa dogo la sentimita 4 au 5 la kukinga mvua na jua la kuchomoza. Likizidi hapo litaonekana katika picha na kurudisha mwanga wa usiku. Chini ya kasha patobolewe matundu matatu au manne ya milimita 5 ili maji yatoke na hewa ipite, na kila tundu lizibwe kwa kipande cha wavu wa chuma kuzuia wadudu. Juu pasitobolewe hata tundu moja. Ndani mkiwekwa vile vifuko vidogo vinavyokutwa katika maboksi ya viatu, vitafyonza unyevu wa masika. Vikishalowa vikaushwe au vibadilishwe.

Kisha kasha lipakwe rangi ya kuzuia kutu, na juu yake rangi isiyong'aa ya udongo au majani makavu. Rangi nyeusi kwa nje haifai, kwani hufyonza jua na kuichemsha kamera. Lakini kwa ndani, kandokando ya matundu, nyeusi isiyong'aa ndiyo inayofaa, kwa kuwa hairudishi mwanga. Kasha lililopakwa rangi leo lisipelekwe porini kesho. Liachwe upenuni juma moja au mawili hadi harufu iishe, kisha lisuguliwe kwa udongo wa mahali litakapowekwa. Tembo hunusa rangi mpya kabla hajaliona kasha, na udadisi wake ni hasara yetu.

Asiye na uwezo wa chuma asikate tamaa. Sanduku la ubao mgumu wa mninga lenye unene wa sentimita 2, lililofunikwa kwa bati la debe, hulinda vizuri dhidi ya mvua, nyani na mbuzi. Halifai mahali pa fisi na moto, lakini pembeni mwa shamba la mihogo lililo karibu na nyumba linatosha.

Kufunga nako kuna elimu yake. Mgomba haubebi chuma, na nguzo ya mti laini huliwa na mchwa kabla ya mavuno. Mti hai wenye shina imara, mnene kama paja la mtu, ndio bora. Nao usipigiwe misumari bali uzungushiwe mnyororo unaopita katika pete mbili zilizochomelewa mgongoni mwa kasha. Pasipo na mti, bomba la chuma lizikwe kiasi cha sentimita 60 na kushindiliwa kwa mawe na saruji. Kimo cha sentimita 50 kutoka ardhini huwafaa wanyama wengi. Kamera ielekezwe kaskazini au kusini, kwa maana katika nchi yetu iliyo karibu na ikweta jua huchomoza na kutua usoni mwa kamera inayotazama mashariki au magharibi. Majani yaliyo mbele yafyekwe hatua kadhaa, kwa sababu majani yaliyopata jua yakitikiswa na upepo huidanganya kamera ikamaliza betri kwa kupiga picha za nyasi. Kiangazi kinapoanza, mwezi wa Juni, papaliliwe pande zote hadi udongo uonekane, ili moto usipate njia.

Hayo yote ni kazi ya mikono. Sasa tuseme juu ya kasha ambalo fundi hawezi kulichomelea, nalo ni ridhaa ya kijiji.

Wananchi wa ukingoni mwa hifadhi wana sababu ya kuogopa jicho lililofichwa mtini. Mwezi Oktoba mwaka 2013 Operesheni Tokomeza ilianzishwa kupambana na ujangili nchini, kazi ambayo ilikuwa ya haki. Lakini malalamiko ya mateso na uonevu yalikuwa mengi hata ikasimamishwa mwanzoni mwa Novemba, na baada ya ripoti ya Kamati ya Bunge, mwezi Desemba mwaka huo huo, mawaziri wanne waliondoka madarakani. Watu hawakusahau. Mama aendaye kuokota kuni akikutana na sanduku la chuma lenye jicho, hataliona kuwa daftari la nyati. Ataona kwamba ni shahidi aliyewekwa kumshtaki. Na kijana atakayelivunja kwa jiwe usiku atapongezwa na jirani zake. Hakuna bamba la milimita 2 litakaloushinda uamuzi wa kijiji kizima.

Kwa hiyo kamera ya kijiji iwekwe na kijiji. Jambo lipelekwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lijadiliwe waziwazi: zitawekwa wapi, nani atashika ufunguo, nani atazitazama picha, na picha za watu zitafanywa nini. Sisi tunashauri kwamba picha ya mtu anayepita kwa shughuli zake ifutwe mbele ya mashahidi wawili, na kanuni hiyo iandikwe katika muhtasari wa mkutano. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na picha ya mtu ni mali ya heshima yake kabla ya kuwa jambo la sheria. Kamera isiwekwe karibu na kisima, mto wa kuogea wala njia ya shule. Wala mwananchi asiingie ndani ya hifadhi kutega kamera bila kibali. Mahali pake ni shamba lake na ardhi ya kijiji, kwa kumshirikisha afisa wanyamapori wa wilaya na askari wa wanyamapori wa kijiji.

Faida yake ni ipi? Tutaje moja inayogusa mfuko. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi kwa mkulima aliyeharibiwa mazao na wanyama wakali, kwa kiwango cha ekari, bila kuzidi ekari 5, na kwa kutazama umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi. Afisa akifika shambani siku kadhaa baada ya tukio, mvua huwa imekwisha kuzifuta nyayo, na mkulima hubaki na maneno matupu. Picha yenye tarehe na saa haimlipi mtu yenyewe, lakini humpa afisa pa kuanzia na humwondolea mkulima tuhuma ya uongo. Kadhalika huwafaa majirani: ng'ombe wa mtu akilaumiwa kwa kosa la kiboko, picha itamtakasa; na ikiwa kweli ni ng'ombe, itawaponya watu na ugomvi wa kukisia.

Tuna mafundi, tuna mabaki ya vyuma, na tunayo mabaraza ya vijiji yaliyowekwa kwa sheria. Shirika la kuhudumia viwanda vidogo, SIDO, lilianzishwa mwaka 1973 kwa kazi za namna hii hii: kumwezesha fundi wa kwetu kutengeneza kile tunachokiagiza. Vyuo vya ufundi na shule za sekondari zilizo ukingoni mwa hifadhi zinaweza kufanya kasha hili kuwa zoezi la vitendo, kwani ndani yake mna hesabu za vipimo, fizikia ya joto na mwanga, na uchomeleaji.

Tunatoa rai kwa viongozi wa Chama na Serikali katika wilaya hizi mbili kwamba vijiji viwili, kimoja cha Ngara na kimoja cha Biharamulo, vianze kabla ya msimu ujao wa mahindi. Kila kimoja kipate kamera mbili, makasha mawili yaliyotengenezwa na fundi wa tarafa hiyo hiyo, na daftari moja lililotiwa mistari kwa mkono: tarehe, saa, mnyama, idadi, mahali. Daftari hilo likae katika ofisi ya kijiji mahali ambapo kila mkulima anaweza kuja kulisoma, na asiyejua kusoma asomewe. Mavuno yakiisha, mkutano wa kijiji uamue kama makasha yatarudishwa mtini au yatapelekwa stoo.